Daktari wa Binadamu

Redio ya muuza kahawa ilitangaza kwamba madaktari wamegoma nchi nzima, na benchi zima likamgeukia Cherehani, fundi nguo.

"Usijifanye husikii," alisema Goti, dereva mstaafu aliyepewa jina hilo kwa sababu anazungumzia goti lake zaidi kuliko anavyozungumzia watoto wake. "Kesho nilikuwa na kliniki. Sasa kliniki hakuna, na wewe una daktari wa binadamu nyumbani, anakula na kulala."

"Yuko likizo."

"Mwambie goti langu haliko likizo."

Cherehani alipiga funda la kahawa likamuunguza, akajikaza. Hakudanganya mtu, maskini. Binti yake alimwambia, "Baba, nasomea elimu ya binadamu, mpaka udaktari." Yeye akaviunga vile vipande viwili kama anavyounga kitambaa, akatoka navyo mtaani. Alipokuja kuelewa kwamba udaktari huo ni wa shahada tu, hauna sindano wala kipimo, watu walishaanza kumwita Baba Dokta, na jina lilimkaa vizuri hata akashindwa kulivua.

"Kwani anapasua?" aliuliza Spana, makanika.

"Hajafika huko."

"Miaka yote hiyo hajapasua hata chura?"

"Wanaanza na kuongea na watu. Kwa kirefu."

"Wanaongea nini?"

"Mambo yao. Wanaishije, nani kamwoa nani, nani hasemi na nani."

Spana akaweka kikombe chini. "Huyo ni daktari au mbea mwenye digrii?"

Kabla Cherehani hajajibu, binti mwenyewe akatokea, kaleta funguo za duka ambazo baba yake alizisahau. Cherehani alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba, Dokta." Goti alishakunja suruali. "Hebu tazama hili."

Binti akamtazama baba yake. Baba yake akaitazama redio.

"Mimi si daktari wa namna hiyo, baba," alisema taratibu. "Nasoma maisha ya watu."

Muuza kahawa akapunguza sauti ya redio, asipitwe. Cherehani aliona jina likimvuka mbele za watu, na aliumia kweli.

Goti hakukunjua suruali. "Dawa huna?"

"Sina."

"Kipimo?"

"Sina."

"Sasa una nini?"

"Maswali."

"Haya, uliza."

Binti akakaa. Akamuuliza jina lake halisi. Akamuuliza goti lilianza lini, alikuwa anaendesha gari gani, nani humkanda, na likimuamsha usiku huwa anamuwaza nani. Goti alijibu mpaka kahawa ikapoa. Alipofika kwa marehemu mkewe akafuta macho, akasingizia moshi wa jiko.

Binti alipoondoka, wote wakamsubiri Goti.

"Daktari kamili yule," alisema.

"Si kasema hana dawa?" Spana akaruka.

"Kwani kliniki zipo? Kule naambiwa dawa hakuna hata sijakaa. Huyu kanisikiliza mpaka mwisho."

Goti akakunjua suruali, akainuka, akaenda zake akichechemea vilevile.

Spana alingoja afike mbali. Kisha akamsogelea Cherehani, akainamisha kichwa.

"Baba Dokta, hata mgongo wangu una historia ndefu."

"Panga foleni," alisema Baba Dokta.