Nilivyomlisha Komeo

Jumatatu, 4 Machi

Kocha wa timu ya taifa ya wanawake anakuja Jumamosi kutazama mechi yetu! Mimi ni mpishi wa klabu, lakini kwanza ni shangazi wa mshambuliaji. Marehemu kaka aliniachia mtoto huyu hajaota meno. Lazima aitwe timu ya taifa. Lazima! Tatizo ni beki wa wageni, wanamwita Komeo. Hapitiki.

Alhamisi, 7 Machi

Dawa imepatikana. Wageni hula kwetu kabla ya mechi. Basi watakula! Shibe mwana malevya. Msaidizi wangu akauliza mbona nyama imezidi. Nikamjibu, mgeni hapimiwi. Akaguna. Huyo naye, kazi yake kuguna.

Jumamosi, 9 Machi

Wamekula! Komeo kaongeza mara tatu, kanikumbatia, kasema hata mama yake hampakulii hivi. Roho ikanisuta. Nikamwongezea mnofu.

Sita bila! Yote kafunga mwanangu! Komeo alikimbia kama kabeba gunia. Kipa wao tu ndiye aliyeruka huku na huku, alikataa chakula changu, eti tumbo. Nimepiga vigelegele mpaka sauti imekauka.

Jumapili, 10 Machi

Kaitwa kipa. Kipa! Aliyefungwa sita!

Nikamvizia kocha nje ya ofisi ya klabu. Akasema kwa upole kwamba bila kipa yule yangekuwa ishirini. Mwanangu je? Hakukabwa na mtu, atampimaje? Akasema ligi laini ndiyo inayotuponza: hapa nyumbani tunafunga tunavyotaka, tukitoka nje tunakutana na wanaokaba kweli, tunarudi na kapu la mabao. Nikamwambia hajui mpira. Nikaenda kulia stoo.

Jumanne, 12 Machi

Msaidizi kanichongea! Mwanangu kajua yote. Kacheka mpaka kakaa chini, kisha machozi yakamtoka. Akasema, shangazi, Komeo ndiye niliyekuwa namtaka. Nikikabwa naye ndipo ninapojifunza. Nitaendaje kucheza na mataifa ya watu kama huku napishwa njia?

Akalaza kichwa mapajani pangu kama zamani. Nampenda mtoto huyu mpaka naumwa. Nikamwapia sitaingilia mechi tena. Haki ya Mungu.

Ijumaa, 15 Machi

Kocha atarudi kesho, kumtazama mwanangu tena! Wapinzani ni wengine, na mpishi ni wa kwao. Mimi nimetulia tuli.

Ila nimempigia simu kidogo beki wao wa kati. Nimemnong'oneza kwamba mwanangu anatangaza mji mzima kuwa beki huyo ni mlango usio na kitasa. Loo, alivyofoka! Kaapa kesho watamjua. Safi kabisa. Mtoto si alitaka kukabwa?

Nimeshagandisha barafu ya vifundo vyake vya miguu, na bandeji nimenunua.