Kazi Kumi na Moja kwa Mpangilio wa Vyeo

Idara Kuu ya Orodha ilikuwa na furaha kuutangazia umma kwamba, kuanzia Jumanne, hakuna mwananchi atakayekuwa hai kwa kubahatisha. Tangazo lilibandikwa getini, kwenye lifti mbovu na katika vyoo vya wageni. Programu mpya ya kompyuta ingekusanya taarifa za masjala kumi, ambazo miaka yote hazikuwahi kujuana hata kwa salamu, na kuzifanya orodha moja. Kilichobaki ni kuipangia kazi zake: ipi ianze, ipi ifuate, ipi isubiri nyingine imalize.

Jambo hilo dogo alikabidhiwa Fundi wa Mifumo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kompyuta ya ofisi na kiti alichokuja nacho kutoka nyumbani. Mpango wake ulienea ukurasa mmoja. Kwanza Uhakiki, yaani dirisha ambako watu hujitokeza kuonyesha kuwa wanapumua. Kisha masjala nyingine. Halafu Vifo, ambayo humwandika marehemu kila ambaye Uhakiki haikumleta. Mwisho kabisa, ripoti. Alidhani kikao kitachukua nusu saa, kwa sababu alikuwa bado ana imani na watu.

Tena alikuwa na haraka yake. Shangazi yake, aliyemlea tangu yuko darasa la pili, alikuwa amekufa miezi minne sasa, kwa mujibu wa masjala. Mwenyewe alikuwa nyumbani akichagua mchele kwa kupapasa, maana jicho moja lilishazimika na la pili lilikuwa njiani. Daktari alimpangia upasuaji Alhamisi, siku mbili baada ya Jumanne hiyo ya tangazo, lakini hospitali haikumpokea mtu ambaye orodha imeshamzika. Akiikosa Alhamisi hiyo, zamu nyingine ni baada ya miezi minane. Jicho halikuwa na miezi minane.

"Yule karani wa mapokezi kanijibu kwa adabu tu," shangazi alisema. "Kasema kitanda cha upasuaji hapewi marehemu. Marehemu ana chumba chake kule nyuma."

"Ukamwambia nini, shangazi?"

"Nimwambie nini, mwanangu? Nikamuuliza huko nyuma kuna foleni au hakuna."

Fundi alicheka, kisha akaingia jikoni akalia kidogo. Wafu wa makosa kama shangazi walikuwa mia tatu na kumi na moja, na dirisha la Uhakiki lilikuwa limefungwa hadi mpango upitishwe.

Kamati ilikaa siku kumi na moja. Walikuwepo wakuu tisa wa masjala na Mkurugenzi Mkuu, mtu mwenye sauti nzito na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Mkuu wa Uhakiki hakualikwa. Ofisi yake inatazamana na vyoo, na cheo chake hakifiki kwenye meza ndefu.

"Binti," Mkurugenzi alianza, "hii ripoti si inakuja kwangu?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sasa mbona umeiweka ya mwisho? Mimi ndiye wa mwisho hapa?"

"Ripoti inasema kazi zimekwendaje, mheshimiwa. Haiwezi kusema kabla hazijafanyika."

"Mimi naandika ripoti za mwaka mwezi wa kwanza," alisema Mkurugenzi, "na sijawahi kukosea." Ripoti ikawa ya kwanza.

Mkuu wa Vifo naye akasafisha koo. Masjala yake, alisema, ndiyo kongwe humu ndani. Watu walikuwa wanakufa zamani sana kabla hawajaanza kupewa vitambulisho. Hoja ilionekana nzito, Vifo ikawa ya pili. Wengine wakagombana siku tisa. Uhakiki, isiyo na wa kuisemea, ikaangukia namba kumi na moja.

Fundi akasimama. Alisema polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Wazee wangu, Vifo ikitangulia, itatafuta waliohakikiwa na haitamwona hata mmoja. Itaandika wote wamekufa."

"Si isubiri kidogo?" mkuu mmoja aliuliza.

"Hamkuiwekea sharti la kusubiri."

"Kusubiri ni kwa wananchi," Mkurugenzi alisema. "Siwezi kumsubirisha Mkuu wa Vifo."

Palikuwa na kisanduku kimoja zaidi: kazi ikishindwa, programu ifanye nini? Fundi alikuwa ameandika isimame. Kamati iliona neno kushindwa halilingani na hadhi ya Idara, ikaagiza kisomeke: kazi ikichelewa kufaulu, iendelee. Kisha ukatolewa waraka kwamba katika foleni yoyote ya Idara, iwe ya watu, ya mafaili au ya kompyuta, mkubwa hutangulia, na ukubwa ni kwa tarehe: aliyetangulia kuandikwa ndiye mkubwa.

"Basi tuanze na majina machache ya majaribio," Fundi aliomba. Hilo tu ndilo lililomjia.

Kamati ilikubali mara moja. Ikabaki kujua ni nani anastahili heshima ya kuwa wa kwanza katika orodha mpya ya taifa, na hapo hapakuwa na ubishi hata kidogo. Aliandika majina kumi jinsi alivyotajiwa. Akawaonya tena, wakasaini.

Jumanne saa nne asubuhi, mbele ya wapiga picha, Mkurugenzi alibonyeza kitufe. Ripoti ilitoka papo hapo: kazi zote kumi na moja zimefaulu. Makofi yakapigwa. Sekunde iliyofuata Vifo ikapita, na skrini ikaandika marehemu kumi, kwa vyeo vyao kamili.

"Rekebisha huo mpango," Mkurugenzi alisema.

"Weka idhini yako hapa, mheshimiwa."

Akaweka. Mashine ikajibu kuwa saini ya marehemu haitambuliki. Akajaribu kalamu ile nyingine. Alipotoka nje kupata hewa, dereva wake, mtu mpole wa miaka mingi, alimweleza kwamba gari la ofisi hurudishwa mwenye nalo akifariki, na akampa pole.

Kwa kanuni, nafasi ilimwangukia mkuu wa masjala aliye hai. Walikwenda kumwita mkabala na vyoo. Mkuu wa Uhakiki alisoma ule ukurasa mmoja wa Fundi akiwa amesimama, akauliza swali moja, akasaini. Jumatano asubuhi dirisha likafunguliwa: watu arobaini kwa siku, kwa kufuata waraka.

Shangazi alikuwa wa thelathini na nane, ameshika mkono wa Fundi, alipohisi mtu anampita kwa viatu vigumu.

"Nani huyo anapita?"

"Mimi ni Mkurugenzi Mkuu."

"Sikukuuliza ulikuwa nani," shangazi alisema. "Umekufa lini?"

Mkurugenzi alimtazama Fundi. Fundi aliyatazama makaratasi yake.

"Jana," Mkurugenzi akasema.

"Jana, na unataka kututangulia? Mimi nina miezi minne. Rudi nyuma, baba, wakubwa zako tuhudumiwe."

Karani alikuwa ameshautoa waraka dirishani, kidole kikiwa juu ya saini. Mkurugenzi alirudi nyuma, akiwapita mmoja mmoja waliobaki wa wale mia tatu na kumi na moja, ambao walimpa pole. Mwisho wa foleni aliwakuta wakuu wake tisa wakibishana nani mkubwa, maana wote walikufa sekunde moja. Akawaomba nafasi ya mbele yao. Wakamuuliza tarehe.