Mlinda Lango wa Nyota Tano

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Siku yangu ya mapumziko. Ibada imekwisha saa tano; huku kanisa ni Ijumaa. Miguu bado inauma tangu jana. Miaka kumi na miwili Doha, yote ya kusimama! Nimesimama mbele ya maduka, mbele ya kliniki, na sasa nasimama kwenye maegesho ya jengo moja Al Mansoura, ambako kufikia saa nne asubuhi kivuli kimeshanitoroka. Sina kinyongo na mtu. Nasema tu kwamba nina miaka arobaini na mmoja na sijawahi kulipwa nikiwa nimeketi.

Leo nyota imewaka. Jerusha, yule muuguzi ambaye ni katibu wa chama chetu cha Wakenya, alisimama wakati wa matangazo. Akasema ukumbi wa Muaither, uliokuwa nyumbani kwa Nyota Tano, umepata meneja mpya, Mtunisia aitwaye Bwana Habib. Anataka historia ya timu iandikwe na kutundikwa ukutani. Tena anatafuta msimamizi wa ukumbi, na angependa awe mtu wa timu ile ya zamani. Kazi ya ndani. Kiyoyozi. Kiti! Jerusha alikitaja kiti kama jambo dogo tu.

Nyota Tano, kwa atakayeisoma shajara hii nikishafariki, ilikuwa timu ya kulipwa ya kandanda ya ukumbini. Wachezaji watano, mpira mzito usiodunda, paa juu. Wengi walikuwa Wakenya na Waganda. Ilizaliwa 2016, ikafa 2018. Siku hizi ukumbi karibu wote ni wa padeli, mchezo wa kugongesha vimipira kwenye vioo.

Nikanyoosha mkono. Jerusha akauliza nilicheza nafasi gani. Nikajibu kwa Kiswahili safi kwamba nilikuwa mlinda lango. Kanisa likapiga makofi.

Sikudanganya! Nililinda lango la Nyota Tano misimu miwili bila kukosa hata siku moja. Sisi walinzi huliita geti, lakini geti ni neno la mtaani. Kwenye Kiswahili cha shule geti ni lango. Kama Jerusha aliwaza magoli, hayo ni mawazo yake.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekipata kitambulisho changu cha timu, kwenye sanduku, kati ya vyeti vya mafunzo ya zimamoto. Picha yangu. Nembo ya nyota tano. Cheo kwa Kiarabu: haris. Neno la pili limeliwa na jasho. Nikamwonyesha Mmisri wa duka la chini bila kumwambia kitu. Akaniuliza kama nilikuwa kipa. Kumbe Waarabu humwita kipa haris, na mlinzi vilevile haris! Lugha mbili zimenitetea bila hata mimi kuziomba.

Tatizo ni moja tu, na linalala kitanda cha chini ya changu. Kiprono. Yeye ndiye alikuwa mlinda lango kwa ile maana nyingine, ya kudaka. Sasa ni dereva wa basi dogo la hoteli. Anaketi kutwa nzima kwenye kiyoyozi, na akirudi analalamika mgongo. Mgongo! Anajipaka dawa ya kuchua mpaka tunalia machozi chumba kizima. Jana alikuwa kazini, hakusikia matangazo. Lazima abaki hivyo mpaka nipewe kiti.

Mbinu: nitamlisha. Mtu aliyeshiba hafuatilii habari za chama.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeanza kuandika historia baada ya zamu. Nimekwama sentensi ya pili. Mechi zote zilichezwa ndani na mimi nilikuwa nje. Historia ninayoijua ni ya kelele. Kelele kubwa, goli letu. Kimya, goli lao. Kulikuwa na kimya kingi sana.

Nikakumbuka daftari la geti! Timu ilipokufa hakuna aliyelidai, nikabaki nalo. Humo mna kila kitu. Machi 2017, mechi na timu ya Al Wakrah: watazamaji wanne, mmoja wao alikuwa anatafuta choo. Mshambuliaji wetu Mganda ameingia na viatu ndani ya mfuko wa mkate. Mwenye timu, muuza viyoyozi, alikuja mara tatu tu katika misimu miwili, na mara ya tatu alikuja na raketi. Nimeandika: "Raketi moja." Ningejua maana yake ningemzuia getini.

Hayo si ya kutundikwa ukutani. Nimeandika hivi: "Mlinda lango Laban Mukabana alisimama imara misimu miwili, na hakuna aliyempita bila ruhusa." Kweli tupu. Kuhusu Kiprono nimeandika: "Kiprono pia alikuwepo." Inamtosha.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimempikia ugali, sukuma wiki na samaki wa kukaanga. Kiprono akaniangalia kwa muda mrefu. Akauliza kama naumwa, au nimemvunjia kitu. Nikasema ni undugu tu. Akasema, "Mulembe," maana sisi Waluhya hutuita hivyo, "wewe ukipika najua kuna kitu." Kisha akala, akaongeza, akala na chakula changu cha kesho.

Kwa usalama zaidi nimeficha chaja yake nyuma ya friji ili simu imzimikie. Akachukua yangu. Simu yangu ndiyo imezima! Ilipowaka tena nikakuta ujumbe wa Jerusha wa tangu asubuhi. Anataka picha yangu nikiwa golini.

Jumanne, 5 Agosti

Picha yangu nikiwa golini haipo. Iko ya Kiprono, moja tu, kwenye ukurasa wa zamani wa mashabiki (wawili). Amerukia kushoto. Mpira uko wavuni, kulia.

Nikampelekea Shaun, anayefanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi ya ghorofa ya tatu pale jengoni. Nikamwambia abandike kichwa changu. Akasema, "Budaa, hiyo ni dakika tano," budaa yaani mzee. Akasahau kuuliza sababu. Nampenda Shaun.

Matokeo: mimi, mrefu, mwembamba, na miguu ya mkimbiaji wa Kericho. Kichwa kimezidi kidogo. Lakini mpira uko wavuni! Nikamwambia autoe. Akautoa, nikabaki nimerukia hewa. Nikamwambia autie mikononi mwangu. Akautia, lakini akaurudisha na ule wa kwanza pia. Sasa mipira ni miwili, na Shaun ameingia mkutanoni. Nimeituma hivyo hivyo.

Jerusha ameuliza upi ndio mpira wa mechi. Nimemjibu kwamba ule wa wavuni ni wa mazoezi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimebadilishana zamu, nikaenda Muaither kwa mahojiano. Nimekiona kiti! Cheusi, cha magurudumu, kinazunguka. Bwana Habib alipotoka kufuata chai nilikikalia. Nikazunguka mara moja, polepole. Nilitaka kulia, na sioni aibu kuandika. Miguu ilinyamaza. Nimeishi nayo miaka kumi na miwili ikinung'unika, na pale ikanyamaza kabisa.

Bwana Habib akarudi, akasoma kitambulisho. Haris! Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaniita sadiq, rafiki. Akasema picha imeshachapwa kubwa na imetundikwa. Kisha akaniambia habari njema. Kesho jioni kuna mechi ya kumbukumbu kwenye kiwanja kimoja cha zamani kilichobaki nyuma ya vile vioo. Chama cha Wakenya dhidi ya wateja wa padeli. Na golini, bila shaka, haris.

Nikatabasamu. Ndani ya basi nimewaza magonjwa yote ninayoyajua.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimechagua kidole. Nimekifunga bandeji nene, nikatia na kijiti cha aiskrimu, nikaingia ukumbini nikikibeba kama yai. Nilisahau kazi ya Jerusha. Alinishika mkono pale pale mbele ya watu, akaifungua bandeji yote, akakikunja kidole, akakinyoosha. Akasema kidole kizima kabisa. Akanipa glavu.

Magoli kumi na manne. Nilizuia moja kwa uso, bila kukusudia. Wateja wa padeli ni watu wazima wenye vitambi, lakini wanapiga mashuti kama wamekosewa. Kila mara nilipojitupa, mpira ulikuwa umeshafika. Bwana Habib alikuwa akipiga makofi mwanzoni. Baadaye aliacha.

Na hapo ndipo alipoingia Kiprono! Baadhi ya wale wateja ni wageni wa hoteli yake, ndiye aliyewaleta kwa basi. Alisimama mbele ya ile picha kubwa ukutani. Akaisogelea. Akainama. Akatangaza kwa sauti kwamba magoti yale ni yake.

Bwana Habib akaomba kitambulisho. Akakifuta kwa kitambaa cha chai, akakiinua kwenye taa, akasoma taratibu lile neno la pili. Haris bawaba. Jerusha akaniangalia, akauliza, "Ndugu Laban, ulikuwa mlinzi wa bawaba?" Watu wakaangua kicheko. Kwetu bawaba ni kile chuma kinachoshika mlango na fremu. Ikabidi Bwana Habib aeleze kwamba kwao bawaba ndilo geti lenyewe, na hapo wakacheka upya kutoka mwanzo.

Kiprono akavua tai, akaingia golini na suruali ya kazi. Hawakufunga tena hata moja. Nilikaa kwenye benchi na glavu mkononi. Jerusha akaja kando yangu. Aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini sikusema tu kwamba nilikuwa mlinzi, maana angeliandika hivyo hivyo. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia hakuna anayempa mlinzi kiti. Akaketi, akanyoosha miguu. Nadhani hata yeye kwenye wodi husimama sana.

Baadaye akauliza kama kuna lolote la kweli ninalolijua kuhusu timu ile. Nikatoa daftari la geti kwenye mkoba. Alisoma akicheka, yule wa choo, viatu ndani ya mfuko wa mkate, raketi moja. Kiprono akaja na jasho lake, akasoma kupitia bega la Jerusha. Wakafika ukurasa wa mwisho. Juni 30, 2018: "Wametoka wote saa kumi na moja na robo. Kiprono ametoka wa mwisho, ameniaga kwa jina. Nimesubiri hadi saa mbili. Hakuna aliyerudi. Nimefunga." Kiprono akasema dawa ya kuchua imemwingia machoni. Hakuwa amejipaka.

Jumamosi, 9 Agosti

Wameitoa picha. Mahali pake Bwana Habib anatundika kurasa za daftari langu, kumi na sita, kwenye fremu za kioo. Chini yake: "Imeandikwa na Laban Mukabana, mlinzi wa geti." Jerusha ameniletea nakala ya maneno hayo niyahakiki. Nimeyahakiki mara saba.

Kiti amepewa Kiprono. Hakukiomba hata! Bwana Habib alimwona akidaka, akasikia habari za mgongo, akamwonea huruma. Anaanza Jumapili ijayo. Nilipompa mkono wa pongezi niliubana kidogo kuliko inavyotakiwa. Akasema nikija kumtembelea ataniachia nikikalie. Ni mtu mwema, jambo linalofanya iwe vigumu zaidi kumchukia.

Jerusha akaniandikia kwamba kurasa zangu ndizo bora katika kijitabu chote ambacho chama kinaandaa kuhusu timu, na kwamba anatumaini nimeona ukweli wenyewe ulitosha. Nimemjibu kwamba nimeona. Nimejifunza. Mimi ni mtu mpya.

Saa sita mchana nikawaza: kama Kiprono anahamia ukumbini, lile basi la hoteli litaendeshwa na nani? Na dereva hufanya kazi akiwa nini? Ameketi!

Saa saba nilikuwa mbele ya mkuu wa usafiri wa hoteli. Mtu mwenye haraka zake. Aliuliza kama nina leseni. Nikamwambia ninayo, halali, haijaisha muda. Hakuuliza ya nini. Ni ya ulinzi. Akauliza uzoefu wangu na magari. Nikasema miaka saba, kila siku, mamia kwa mamia, kuingia na kutoka, na hakuna hata moja lililokwaruzwa mbele yangu. Maegesho yetu yana sifa hiyo kweli. Akaridhika sana. Jumatatu saa mbili asubuhi nitajaribiwa: wageni kumi na wawili, kutoka hotelini hadi Al Wakrah.

Nimempikia Kiprono tena, wali na kuku. Amekula bila kuuliza kitu. Tulipokuwa tunaosha vyombo nimemwuliza, kwa maongezi tu, kwenye lile basi lake breki ni pedali ipi. Amesema ni ya katikati.

Kumbe ziko tatu!