Chupa ya Mwisho ya Zumaridi ya Mapera

Jumamosi, 4 Machi

Friza ya baa ya mtaani imepona. Fundi ni mimi, nani mwingine? Mwenye baa alinikaribisha kinywaji, nikaagiza Zumaridi ya mapera kwa mzaha. Akacheka hadi akashikilia kaunta. Bia ile, alisema, kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani, hata mashine yake ilishauzwa kama vyuma chakavu.

Nilihuzunika kweli. Zumaridi ya mapera! Chupa ya kijani, kizibo chenye kasuku, povu la waridi. Ndiyo tuliyokunywa mimi na mke wangu enzi za uchumba, mrija mmoja, vichwa vikigongana. Nilipofika nyumbani nikamsimulia. Akaacha kupiga pasi, akatazama dirishani, akasema enzi zile zilikuwa tamu.

Bahati mbaya, shemeji yangu, kaka yake, alikuwa sebuleni akimaliza karanga zetu. Ni dalali wa nyumba. Mdomo wake haujui likizo. Papo hapo akatangaza kwamba Jumamosi ijayo, siku ya kuzaliwa dada yake, atamletea Zumaridi ya mapera. Ana watu wake, alisema. Kila kitu ana watu wake. Nikasema mimi nitaileta kabla yake.

Mimi sina watu.

Jumapili, 5 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Nimeiona!

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Mama mkwe alikuwa anasukuma unga wa biskuti, na alichosukumia si kifimbo. Ni chupa ya kijani. Imejaa. Kizibo kipo, kasuku yupo. Nikapaliwa na maji. Shemeji akanipiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Yeye hakuona kitu. Alikuwa anaeleza jinsi alivyofanikiwa kupangisha nyumba isiyo na choo.

Kumwomba mama mkwe waziwazi? Hapana. Mkwe ana heshima zake, na shemeji ana masikio marefu. Hapa panatakiwa akili.

Jumanne, 7 Machi

Nimempelekea mama mkwe kifimbo kipya cha mbao, laini kama shavu la mtoto. Hesabu yangu: akipata kifimbo, chupa itakosa kazi. Ikikosa kazi, itatupwa. Ikitupwa, mimi hapa.

Akakipokea kwa mikono miwili, akanimwagia baraka juu ya baraka. Halafu akakiegemeza kwenye dirisha la jikoni, ambalo siku zote hujifunga lenyewe kwa upepo. Sasa halijifungi. Akarudi kwenye unga wake na chupa yake.

Mke wangu kaniuliza tangu lini nampelekea mama yake zawadi. Nikasema mapenzi hayana msimu. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Alhamisi, 9 Machi

Mpango wa pili, wa kitaalamu. Nilikwenda kumkagulia mama mkwe friji yake, bure. Akasema friji haina tatizo. Nikasema hilo ndilo tatizo lenyewe, maana friji isiyolalamika ni ya kuogopwa. Akaniachia jiko. Lakini akavuta kigoda, akaketi palepale, akaanza kuchambua maharage. Punje moja baada ya nyingine. Mama huyu hana haraka na dunia.

Nikalegeza waya kidogo ili friji izime, nimtume kwa jirani kuulizia kama umeme upo. Ikazima. Mama mkwe akainua uso, akaitazama taa ya jikoni. Taa inawaka. Akarudi kwenye maharage.

Nikaukaza waya. Friji kimya. Nikaukaza zaidi, ikatoa cheche na harufu ya mpira ulioungua. Kompresa, moyo wa friji, basi tena. Nyama yote ikaanza kuchuruzika maji, na ikabidi ipikwe na ndugu waitwe waile kabla haijaharibika. Shemeji alifika wa kwanza, akala kama mtu aliyetumwa na ukoo mzima. Mimi nilikwenda karakana kuleta kompresa yangu ya akiba, niliyokuwa nimemwekea mteja.

Wakati wote wako sebuleni wanatafuna, nilibaki peke yangu jikoni. Mimi na kompresa. Na chupa. Nikaichukua, nikaitumbukiza kwenye mkoba wa spana, nikageuka.

Mama mkwe amesimama mlangoni na sahani yangu ya nyama. Nyuma yake shemeji, meno yote nje.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliweka sahani mezani, akaketi, akanieleza taratibu kama anayezungumza na mgonjwa. Chupa ile waliinunua yeye na marehemu baba mkwe, siku nilipokuja kuposa.

"Tulikubaliana tutaifungua siku mkwe wetu atakapofanya jambo la akili," alisema. "Ndiyo hivyo, baba. Naisukumia unga."

Shemeji alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikairudisha chupa. Nyama nilikula, ilikuwa nzuri.

Jumamosi, 11 Machi

Siku ya kuzaliwa mke wangu, hapa kwetu, na mama mkwe amekuja. Shemeji aliingia amebeba chupa ya kijani kama kombe. Nembo imebandikwa kichwa chini. Mke wangu akanusa, akasema ni shampoo. Shemeji akabisha, akapiga funda moja kutuonyesha. Alitoa mapovu hadi keki ilipokatwa. Sijawahi kumpenda hivyo.

Kisha akalipiza kwa kusimulia habari ya mkoba wa spana. Mke wangu akasikiliza yote. Akamgeukia mama yake, akasema, "Mama, naomba ile chupa."

Mama mkwe akaitoa kwenye kikapu chake, akampa. Hivyo tu! Kompresa nzima imeteketea, kumbe neno lilikuwa "naomba".

Kizibo kilitoka bila sauti, kama mtu anayeondoka mkutanoni kabla ya mchango. Ndani, maji ya rangi ya kutu. Nilionja: misumari iliyolowekwa. Mke wangu akanywa funda, uso ukakunjamana, akacheka mpaka machozi. Ndipo akasema hakuwahi kuipenda. Enzi zile alikuwa anashika mrija tu, mnywaji nilikuwa mimi.

Nikamuuliza, sasa alikuwa anatamani nini?

"Ukinywa ulikuwa unanyamaza," alisema. "Na ukinyamaza ulikuwa unanitazama."

Nikanyamaza. Nikamtazama. Tukakaa hivyo hadi shemeji alipouliza kama keki imebaki.

Jumatatu, 13 Machi

Friza ya baa imerudi kitandani. Mwenye baa kaninong'oneza habari: kiwanda kinaacha kutengeneza Zumaridi ya matango. Hainunuliki, alisema. Hata walevi wanairudisha.

Nilionja moja. Mbaya kabisa. Lakini watu hawajui thamani ya kitu mpaka kitoweke, na mara hii mimi nimewahi! Nimechukua kreti zote badala ya malipo. Miaka michache ijayo shemeji atanipigia magoti.

Kreti nimezipanga chini ya kitanda. Zimezidi kidogo, kwa hiyo kitanda sasa kimekaa juu yake. Mke wangu kauliza kwa nini kimeinuka. Nikamweleza kwamba kitaalamu kitanda kirefu ni dawa ya mgongo.

Nadhani ameamini. Amehamia upande wa ukutani, ambako hakuna pa kuangukia.