Akaunti Iliyonikana

Jumatatu, 5 Juni
Akaunti ya ofisi imenikataa. Mimi, Fulgencio Arancibia! Miaka kumi na moja masjala, mji mzima wa Cochabamba unanijua, kompyuta hainijui! Nimekosea neno la siri mara tatu. Sasa inataka namba ya uthibitisho, na namba inatumwa kwenye laini niliyoitupa mwaka juzi nikimkimbia mama mkwe. Fomu ya kuomba ukuu wa masjala imo humo humo. Mwisho Ijumaa, saa sita mchana. Wilma wa dawati la pili, naye anautaka ukuu, kaniuliza kwa sauti ya asali kama nimeshatuma. Nikasema zamani!
Nicanor, fundi wa kompyuta ghorofa ya tatu, ukimpelekea kitambulisho anakufungulia kwa dakika mbili. Siendi ng'o. Huyo hula chakula cha mchana na Wilma.

Jumanne, 6 Juni
Nimepiga ile laini ya zamani. Siku hizi ni ya Doña Eduviges, muuza salteña sokoni, zile sambusa za kuoka zenye mchuzi ndani. Nikajitambulisha: mhandisi wa mitambo ya simu, naomba anisomee namba iliyoingia. Akasema matapeli wote huanza hivyo hivyo. Akanikatia. Tapeli, mimi!

Jumatano, 7 Juni
Nimemfuata sokoni. Nikala salteña nne ili alainike. Mchuzi wote kwenye shati. Nikakiri. Akaita wenzake: "Jamani, njooni mumwone mhandisi wa jana!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikaomba namba mpya kwa simu, ikaingia kwake, akanisomea, mama wa watu. Inadumu dakika moja. Na hujazwa kwenye kompyuta ya ofisi tu, mitaa saba kutoka pale. Nilikimbia, namba ikafa njiani. Heri nisingekimbia.

Alhamisi, 8 Juni
Kumbe kuna njia ya sura! Unaitazama kamera, inakutambua. Ila picha yangu ya kazini ina masharubu, nami niliyanyoa Machi. Nikachora mengine kwa wanja wa mke wangu. Sura haitambuliki. Nikayanenepesha. Haitambuliki! Wilma akaingia. Akauliza kama niko salama. Nikasema ni mzio.

Ijumaa, 9 Juni
Saa tano na dakika arobaini. Nimepanda kwa Nicanor, kitambulisho mkononi, wanja bado haujatoka vizuri. Dakika mbili kweli. Akasema, "Nakusubiri tangu Jumatatu, kaka. Wilma alikuja kukuombea, akasema unaona haya." Haya! Nimetuma dakika mbili kabla ya saa sita.
Saa kumi wametangaza. Wilma.

Jumatatu, 12 Juni
Bosi Wilma kaagiza kila mtu aweke swali jipya la siri. Anadhani sioni mbinu yake? Swali langu: ulizaliwa mji gani? Nimeandika mji wa uongo, asije akakisia. Sikuuandika popote pengine. Niliwaza miji minne kwanza, ndipo nikachagua mmoja.
Nadhani ni Oruro.