Habari za Daktari Mng'oa Magego, Jeshi Lake la Nyungunyungu na Gauni Jeupe

Sikilizeni, enyi wenye masikio na nafasi ya kukaa! Teremsheni masufuria, zimeni redio, waambieni watoto wapunguze kelele, maana nawaletea habari ambayo wapiga tarumbeta wa dunia hii, kwa uvivu wao, waliiacha ipite bila hata mlio mmoja. Nitawasimulia jinsi Daktari wa meno, Mng'oa Magego, Tishio la Jino Bovu, Bwana wa Kiti Kinacholala, alivyosimamisha ufalme wa nyungunyungu kwenye kibaraza cha nyuma cha nyumba yake, jinsi raia wa ufalme huo walivyomwasi, na jinsi alivyoiokoa heshima ya mkewe kwa vidole viwili.

Daktari huyu alikuwa mtu wa hotuba. Kazi ilimlea hivyo. Kutwa nzima alizungumza na watu waliolala chali, vinywa wazi, pamba mashavuni, wasioweza kumpinga hata kwa neno moja. Na mtu akizoea kusikilizwa namna hiyo, huanza kuamini kwamba kila alisemalo ni kweli. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mkewe, fundi wa magauni ya harusi, Malkia wa Sindano, hakuwa na pamba mashavuni.

Siku Daktari aliporudi na sanduku la plastiki lenye matundu kifunikoni, ndani yake matandiko ya magazeti yaliyochanwa na kulowanishwa, na katikati ya matandiko fundo la nyungunyungu wekundu wakijinyonganyonga, alilitua kibarazani, akasimama wima, akanena:

"Mke wangu! Tangu leo hakuna ganda litakalotupwa bure katika nyumba hii! Viumbe hawa wanyenyekevu, wasio na macho wala meno, watakula mabaki yetu na kuturudishia mbolea safi isiyo na sumu wala hila, na bustani yetu itastawi hata majirani wajikwae kwa kuitazama!"

Mkewe akaitazama bustani. Ilikuwa makopo matatu ya rangi iliyokwisha, na katika kopo moja mche wa nyanya uliokuwa ukifikiria kufa.

"Wasio na meno," alisema. "Kumbe wapo viumbe wasiokuhitaji. Sawa, waweke. Ila hapa kibarazani ndipo ninapotundika magauni ya watu. Mdudu wako mmoja akigusa kitambaa cha mteja, utaenda kulala naye humo sandukuni."

"Nyungunyungu si mdudu, mke wangu. Nyungunyungu ni..."

"Ni nini?"

"Ni mshirika."

Basi ufalme ukasimama. Na kama watawala wengi, Daktari aliwapenda raia wake kwa kuwashindilia vitu bila kuwauliza. Kila asubuhi alikamua ndimu kwenye maji ya moto, akanywa maji, akawatunuku raia maganda. Akawaongezea maganda ya machungwa, vitunguu vilivyooza, na ugali wa jana uliofanya ukoko. Kisha alifunua kifuniko na kuwahutubia kuhusu mustakabali wa udongo. Raia walitulia tuli, wala hakuna aliyetoka katikati ya hotuba, nami naambiwa hiyo ni kwa sababu hawana masikio.

Haukupita muda mrefu, maji ya kahawia yakatuama chini ya sanduku, uchachu ukapanda hadi puani, na nyungunyungu wakaanza kukwea kuta za ndani wakielekea kwenye matundu. Mtu mwingine yeyote angeona watu wanaikimbia nchi. Daktari aliona mapokezi. "Wanakuja kunilaki," alisema, akawaongezea ndimu.

Asubuhi moja mkewe alifungua mlango wa kibaraza, na ukelele wake ukafika barabarani. Sakafu nzima ilikuwa na nyungunyungu. Walikuwa wakisonga mbele kwa utulivu wa jeshi lisilo na haraka, na wale wa mstari wa kwanza walikuwa wamebakiza shubiri moja kufikia kitundikio kilichobeba gauni jeupe, lenye mkia mrefu, la bi harusi mtarajiwa.

"Daktari! Njoo uwaone washirika wako!"

Daktari akatokea na mswaki mdomoni. Akautoa, akaunyanyua kama upanga. "Usitishike, mke wangu! Jeshi lolote lenye nidhamu hufanya mazoezi ya..."

"Umewalisha nini?" Mkewe alikuwa amekwisha kufunua sanduku, kiganja puani. "Ndimu. Machungwa. Ndimu tena. Hivi, si wewe unayewatisha watu pale kliniki kwamba wakinyonya ndimu meno yatayeyuka? Sasa hawa hata meno hawana. Wanayeyuka wenyewe!"

Daktari akainama. Akatazama ndani ya sanduku, na kwa mara ya kwanza aliona kile ambacho pua yake ilikuwa ikimwambia siku zote, kwamba kwa mikono yake mwenyewe ametia tindikali katika nyumba ya viumbe wasioweza kulalamika. Masikio yakamwaka moto kwa aibu.

"Nisikilize," mkewe alisema, na sasa hakuwa akipiga kelele. "Jumamosi bi harusi anakuja na shangazi yake kujaribisha gauni. Shangazi mtu huyo namjua, aliwahi kurudisha mkate dukani kwa kuwa umepinda. Akiona mnyoo mmoja tu hapa, mji mzima utasema kwa Fundi magauni yana minyoo. Wewe una kliniki, una kibao, una kiti. Mimi nina kibaraza hiki na jina langu, basi. Wakitoka tena, sanduku linaondoka. Na sibembelezwi."

Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo vita vyenyewe vilipoanza, navyo vilipiganwa kimyakimya. Daktari akakunja mikono ya shati. Akawaokota wakimbizi mmoja mmoja kwa viganja vilivyolowa. Akachukua kibano, akaondoa kila ganda la ndimu na kila kipande cha kitunguu kama atoaye nyama iliyonasa kati ya magego. Akamwaga maji machafu, akachana maboksi makavu mpaka vidole vikavimba, akayatandika. Kisha, kwa kuwa maganda ya mayai hupunguza uchachu, alikula mayai asubuhi, mayai mchana, mayai jioni, hata wagonjwa pale kliniki wakaanza kugeuza nyuso upande kabla hajaanza kuwachoma sindano. Maganda akayaponda yakawa unga, akawanyunyizia raia wake. Hotuba hakutoa. Taratibu nyungunyungu wakarudi chini, wakajifukia, na sanduku likaanza kunuka udongo tu.

Jumamosi ikafika, na wageni wakafika nayo. Bi harusi akavaa gauni, akasimama katikati ya sebule, mlango wa kibaraza ukiwa wazi nyuma yake ili mwanga uingie. Shangazi akamzunguka kama mkaguzi wa mizani. Mkewe Daktari akapiga magoti kuupanga upindo, mikono yote miwili imeshika kitambaa, na midomo imebana safu ya pini. Daktari aliamriwa kukaa pembeni na gazeti, akakaa.

Lakini asubuhi ile, kwa bidii ambayo hakuna aliyemtuma aifanye, alikuwa amedeki kibaraza mara mbili. Sakafu ikabaki na unyevu hadi kizingitini. Na mkaidi mmoja, salio la maasi, aliyekuwa amejificha ufani mwa ukuta tangu siku ya fitina, akaihisi njia imetengenezwa, akaifuata, akavuka kizingiti, akaukabili mkia wa gauni.

Mkewe alimwona. "Mm-hm! Mhm-mm!"

"Anasema nini?" Shangazi akauliza. "Linabana?"

"Fundi, umejichoma?" akauliza bi harusi.

Fundi hakuweza kuachia upindo, wala kutema pini juu ya hariri. Akamkazia mumewe macho. "Hm-mm mhu-hm! Mhu hm-mm hm!"

Kwa masikio ya kawaida ulikuwa mngurumo. Lakini kwa Daktari, aliyezeeka akizungumza na vinywa vilivyojaa, ilikuwa sentensi kamili yenye kiima na kiarifu: Mnyoo wako yuko kwenye upindo, mtoe, na ukifungua kinywa chako nitakuua.

Hotuba zote za maisha yake zikampanda kooni. Akazimeza. Akainuka, akatembea kwa hatua za mtu anayepita msibani, akainama.

"Samahani, uzi umeanguka," alisema.

Kwa vidole viwili akamnyanyua adui, upana wa kidole tu kabla hajaigusa hariri, akamtia katika mfuko wa shati. Adui akaanza kujinyonga pale kifuani. Daktari akasimama, uso wake kama wa mgonjwa aliyeonyeshwa koleo.

"Mbona unatetemeka, Daktari?" Shangazi akauliza.

"Furaha, Shangazi. Harusi hunigusa sana. Hapa hasa." Akajishika mfuko.

Shangazi akamgeukia bi harusi. "Umeona mume huyo? Anamwokotea mkewe hata uzi. Mwambie mchumba wako aje ajifunze." Mkewe Daktari nusura ameze pini.

Wageni walipoondoka wameridhika, mkewe alizitema pini kiganjani moja baada ya nyingine, akakaa sakafuni.

"Umenielewa."

"Kila neno."

"Hata lile la kukuua?"

"Hilo ndilo lililonifikia kwanza."

Mkewe akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akatikisa kichwa. "Miaka yote naongea wazi, husikii. Leo nimejaza pini mdomoni, unaelewa."

Daktari akafungua kinywa ajitetee. Akamtazama mkewe pale sakafuni, magoti yamechubuka, akakifunga.

"Sanduku libaki," mkewe akasema. "Haya, mpeleke huyo kwao."

Basi andikeni, enyi waandishi wa habari za wakubwa, chongeni kwenye mawe kama mawe yapo: kwamba siku hiyo gauni lilitoka jeupe kama lilivyoingia, nyungunyungu mmoja alirejeshwa kwa watu wake ndani ya mfuko wa shati, na mume mmoja alinyamaza kwa hiari yake. Hayo mawili ya kwanza huenda yamewahi kutokea kwingineko. Hilo la tatu, mimi msimulizi wenu sijalisikia kabla ya siku ile, wala baada yake.