Saa Adimu ya Karani Honoré

Jumatatu, 6 Mei 1957
Masera, mtawa anayetufundisha, ametangaza darasani: anatafuta msichana mpya wa kengele. Godelieve, aliyekuwa nayo mwaka jana, sasa yuko Bukavu anasomea ualimu, na Masera ndiye aliyempeleka. Kwa hiyo kengele ndiyo njia ya Bukavu. Nimelifikiri jambo hili mara tatu, na kila mara limetoka vilevile. Tumebaki wawili, mimi na Emérita. Kila mmoja atapiga wiki moja, kisha Masera atachagua. Emérita ameanza leo. Hana saa. Maskini!

Jumatano, 8 Mei
Ukungu tangu alfajiri, hata ukuta wa kanisa hauonekani. Nikafurahi kimoyomoyo. Bila kivuli cha ukuta huo, Emérita atajuaje wakati? Akapiga sawasawa. Nikamuuliza kwa upole. Akasema anangoja ng'ombe wa Papa Mbonigaba wapite kwenda malishoni. Kisha, mbele ya wote: "Saa yangu iko na pembe, dada." Darasa zima likacheka. Nilitabasamu Kikristo.

Ijumaa, 10 Mei
Nimenunua saa ya mkono! Karani Honoré wa shamba la pareto amepata mpya, hii anaiachia. Anasema zilitengenezwa hamsini tu duniani, huko Uswisi, kisha mashine ikavunjwa makusudi. Nyuma imechorwa namba 12. Mishale ni ya dhahabu, ao ya rangi yake. Nimempa kuku wangu watatu na jogoo. Nikauliza kama haichelewi. Akaniambia muntu mukubwa hakimbii. Nimeyaandika maneno hayo kwenye daftari la dini.

Jumapili, 12 Mei
Nimekosa misa ya kwanza. Nyumba nzima tumelala. Hakuna jogoo. Sikuwa nimelifikiria hilo.
Mchana, matunzo. Honoré alisema saa kama hii hutiwa mafuta kila mwaka, naye hakumbuki ilitiwa lini. Fundi yuko Goma. Tate Nyiransabimana, mzaa mama yangu, akasema hakuna haja ya Goma: kitu kikikauka kinapakwa siagi ya ng'ombe. Ngozi, mikuki, watoto wachanga, vyote yeye amevipaka na vyote vimedumu. Nikafungua kifuniko kwa kisu, nikatia kidogo. Kisha kidogo tena. Inanuka zizi, lakini inatembea!

Jumatatu, 13 Mei
Siku yangu ya kwanza. Baridi kali. Saa ikasema bado nusu saa, nikangoja kwa utulivu huku wanafunzi wote wamesimama uani, na Masera pia. Emérita akaninong'oneza kwamba ng'ombe wamepita zamani. Nikamwonyesha namba 12. Nilipopiga, Masera akatazama saa yake, kisha akanitazama mimi. Huenda saa yake si adimu.

Jumatano, 15 Mei
Nimegundua siri! Asubuhi siagi inaganda na saa inalala. Jua likipanda siagi inayeyuka, saa inaamka palepale ilipoachia. Baada ya kengele ya asubuhi (nimechelewa tena) nikaisogeza mbele saa moja na nusu, iwe na akiba ya kulala. Kisha, kwa usalama, nikaibana kwapani ipate joto. Haikulala hata kidogo. Nimepiga kengele ya adhuhuri saa nne na nusu. Watoto wadogo wakakimbia nyumbani wakiimba. Sasa wananipenda sana.

Alhamisi, 16 Mei
Masera ameniita. Akaichukua saa, akainusa, akaifungua. Akauliza: Libérata, hii ni nini? Nikasema kweli yote, hata habari za watoto wachanga. Akacheka mpaka akaketi. Kisha akanirudishia saa, akasema kwa upole kwamba msichana wa kengele anapaswa kuinua kichwa na kutazama nje. Nikaitikia, Ndiyo Masera. Sikuelewa nje kuna saa gani.

Jumamosi, 18 Mei
Amechaguliwa Emérita. Nimelia nyuma ya jiko, si sana. Akanifuata huko. Akasema njia ya Bukavu haijafungwa, Masera atachagua mwingine mwakani. Akasema nije kila asubuhi pale kwenye jiwe analokalia akiwangoja, atanionyesha ng'ombe, na ishara nyingine za siku zenye mvua. "Kuya tu, dada, haina kazi ngumu." Ana moyo mzuri, kweli. Nikamshukuru, lakini sikuwa na nafasi ya kukaa: sokoni amefika Mama Agathe, kutoka Walikale, na mafuta ya mawese. Nikamuuliza kama yanaganda. Akaapa kwamba kwao, kule porini kwenye joto, hayajaganda hata siku moja. Kumbe kosa lilikuwa la siagi peke yake! Nimebadilisha mkeka wangu kwa chupa nzima. Yameganda kidogo shingoni mwa chupa, lakini hiyo nadhani ni uchovu wa safari.